Kutoka Mwepesi Si Wizi

Kwenye lile ghala la mkaa kila kibarua alipimwa asubuhi akiingia, jioni akapimwa tena akitoka. Mzani wenyewe ule wa magunia, ukiukanyaga unalia kama mlango mbovu. Ukitoka mzito kuliko ulivyoingia, basi umeficha mkaa, unavuliwa mpaka soksi, kama unazo.

Sasa hapo walikuwapo ndugu watatu, mapacha. Na si kufanana kwa juu juu, hapana. Sura moja, sauti moja, kikohozi kimoja. Mama yao, ambaye macho yalishaingia ukungu, aliwajua kwa kuwanyanyua tu. Wa kwanza mwepesi, wa kati kazidi kidogo, kitindamimba kazidi zaidi, na wala hakuwa mnene. Uzito wake ulikuwa ndani huko, sijui wapi.

Tajiri wa ghala aliwaajiri kama mtu mmoja. Wanabeba sawa, wanakula sawa, ukimwita mmoja wanaitika wote. Akaona tofauti iko wapi? Akawapa koti moja la mvua, na siku moja ya kupumzika kwa mwezi, ya wote watatu.

Jioni moja kitindamimba akapanda mzani. Mlinzi akainama, akatazama.

"Wewe umepungua."

"Jasho hilo, mzee."

"Jasho la kujaza pipa?"

Ikawa kila jioni anatoka mwepesi zaidi. Ukimpa mkono unasikia kaupepo kanatoka kwenye vidole. Mlinzi akaenda kusema. Tajiri alikuwa anachokonoa meno.

"Kutoka mwepesi si wizi," akasema.

Aliyewaeleza ni dada yao, mwalimu wa kemia, siku hiyo anamenya vitunguu.

"Nyie mko kama huo mkaa wenu. Mkaa ni kaboni. Kaboni zote zinaungua sawa, zinashikana na vitu vingine sawa. Ila katikati kabisa, kwenye kiini, kuna vipande vinaitwa nyutroni. Mwenye vichache mwepesi, mwenye vingi mzito. Ndizo isotopu hizo. Kitu kilekile, uzito mbalimbali."

"Sasa mbona napungua mimi peke yangu?" kitindamimba akauliza.

"Kaka zako wametulia. Kiini chako kimebeba kupita kiasi, hakitulii. Kaboni ya namna yako inageuka naitrojeni."

"Ndo mdudu gani huyo?"

"Hewa. Ndiyo nyingi kwenye hii tunayovuta."

"Ile inayotupa uhai?"

"Hapana, mdogo wangu. Hii inaingia na kutoka hivihivi." Dada akafuta macho kwa mkono wenye kitunguu. "Kaboni yako inakwenda nusu, halafu nusu ya iliyobaki, halafu nusu ya hiyo. Haizuiliki. Omba ruhusa ukakae na mama, angali anaweza kukushika."

Akaenda kuomba.

"Si ulipumzika juzi?" tajiri akauliza.

"Aliyepumzika ni kaka."

"Kwa sura hiyohiyo."

"Mimi naisha, tajiri."

"Mbona wenzako hawaishi? Si mnakula chungu kimoja?"

Kaka zake wakasema apewe siku zao. Tajiri akawaambia siku zao ndizo hizohizo zake. Basi akarudi kwenye magunia, na alipoishiwa nguvu kaka zake wakambebea.

Mama akasubiri, akachoka, akaja mwenyewe getini. Wakamletea kitindamimba ndani ya koti la mvua. Mama akamnyanyua kwa mkono mmoja, akamrudisha chini taratibu.

"Huyu ni wa kwanza," akasema. "Mimi nimemfuata yule mzito. Nileteeni mwanangu."

Akakaa kwenye tofali mpaka geti likafungwa.

Baadaye koti likabaki limesimama na hewa tupu. Fundi wa lori akasema naitrojeni ni nzuri kwenye matairi, haivuji upesi. Tajiri akaona isipotee bure. Wakaingiza mpira kwenye mkono wa koti, wakajaza matairi yote ya lori la mkaa. Yakakaa imara kwelikweli, fundi mwenyewe akayapigapiga teke akaridhika.

Mwezi uliofuata wa kati akaenda kuomba ile siku yao, ampeleke mama hospitali.

Tajiri akachungulia dirishani. Lori lilikuwa limeegeshwa uani tangu asubuhi, halijasogea.

"Mwenzenu amelala pale kutwa nzima," akasema. "Siku yenu imeshaisha."