Marufuku Kulicheka Zimwi

Kwetu, Jumamosi alasiri mapazia hufungwa, simu huzimwa sauti, na mama huweka filamu ya kutisha ambayo nadhani hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuitazama. Hizo ndizo anazozipenda: zilizotengenezwa na watu watano na kamera moja, damu ni rangi ya chakula, na mzimu anakohoa. Mama ni fundi cherehani. Wiki nzima anashona sare za shule, kisha anakaa kutazama jinsi wenzake walivyogeuza godoro bovu na kapeti kuukuu kuwa zimwi. "Tazama bega hilo," hutuambia. "Limekatwa na mtu anayejua kazi." Mimi namvulia kofia. Sijaona mwingine anayeweza kuona mkono wa fundi ndani ya takataka.

Sheria ni moja tu: zimwi halichekwi mpaka filamu iishe. Mwalimu mmoja aliyetaka kumwoa dada yangu alilicheka. Alipewa chai, akaagwa, na mama hakutaka tena kusikia habari zake. Kwa hiyo siku dada alipomleta muuguzi, huyu aliyempenda mpaka akawa anaunguza maharage, alimwonya tangu stendi hadi mlangoni.

Muuguzi alijitahidi. Zimwi likatoka kinamasini, likageuka, na zipu ikang'aa mgongoni kuanzia shingoni hadi kiunoni. Kicheko kikamponyoka.

Mama akasimamisha filamu. "Unacheka nini, mwanangu?"

"Zipu, mama. Samahani."

"Ulitaka avue vipi akibanwa na haja?"

Niliuma mto nisiangue kicheko. Kisha nikamwona dada ameinamisha kichwa, machozi yanamlengalenga, na hamu ya kucheka ikaniisha. Nilimhurumia, nikamkasirikia na mama: kicheko kimoja tu, jamani, kimharibie mtu maisha?

Filamu ikaendelea. Zimwi likambeba binti aliyezimia, likamlaza juu ya jiwe, likaanza kunguruma.

"Mama, hebu rudisha nyuma kidogo," muuguzi akasema.

Nikajua sasa ameharibu kabisa. Mwenye rimoti haamrishwi nyumbani kwake. Lakini mama akarudisha, nadhani kwa mshangao tu.

"Mwangalie huyo jamaa aliye ndani ya zimwi," muuguzi akasema, amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. "Kabla hajamlaza binti, ametanguliza kiganja chini ya kisogo chake. Humo ndani haoni vizuri, joto linamuua, lakini hataki mwenzake agonge kichwa. Ndivyo tunavyowalaza wagonjwa wodini. Huyu ana utu."

Mama akarudisha tena. Na tena. Filamu hiyo ameitazama tangu sisi wadogo, anaujua kila mshono wake, lakini mkono ule hakuwahi kuuona. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni.

"Wewe huwalaza hivyo hata wasiojitambua?"

"Hao ndio hasa, mama. Hawawezi kusema wameumia."

Mama alimtazama dada yangu, ambaye bado hakuthubutu kuinua uso. Kisha akamgeukia muuguzi.

"Wazazi wako," akauliza, "wanapatikana lini nyumbani?"