Samaki wa Favour

Favour alikuwa ameinama juu ya kopo la majarini, anakaanga kitana kilichovunjika. Alipuliza moto ambao haukuwepo, akakigeuza kwa kijiti, akasema, "Meiva. Mama, kula samaki."

Apiyo, mama yake, alikuwa anafunga kitambaa cha kichwa aende kazini. Akacheka. Mtoto hajafika miaka mitatu na kila siku anaamka na neno jipya. La wiki hii lilikuwa "eti", na hapumziki.

"Na nyama yake iko wapi?"

"Eti nyama!" Favour alimshangaa. "Samaki hana nyama. Ng'ombe ana nyama."

"Kakwambia nani?"

"Mimi."

Kicheko kikamwishia Apiyo. Mtoto alikuwa anasema alichokiona. Amezaliwa hapa Mabatini, na samaki anaowajua ni mapanki tu, vichwa na miiba ya sangara inayotolewa viwandani baada ya minofu kupakiwa kwenda Ulaya. Mama Justa, jirani anayeshinda naye, huyakaanga na kuyauza barazani. Sato mzima wa mwaloni Kirumba, wavuvi wanaposhushia samaki, siku hizi ni wa wenye pikapu. Apiyo mwenyewe alikulia Shirati, kwa baba mvuvi, wakila samaki hadi mbwa wanasusa. Aliona aibu, kisha hasira, na hasira hiyo akaenda nayo kazini.

Na kazi yenyewe ilikuwa kukata minofu hiyo hiyo. Kutwa nzima amesimama kwenye maji ya barafu, kisu mkononi. Redioni wanasema soko huria limeleta ajira, na si uongo: limemwajiri Apiyo amtoe mwanawe chakula mdomoni.

Mchana kipande kikamponyoka, kikaanguka sakafuni. Kilichoanguka hakipakiwi; hutupwa kwenye pipa lenye dawa, kisije kuliwa na mtu.

"Bosi, naomba hiki," alimwambia Byabato, msimamizi wa zamu. "Mtoto wangu hajawahi kuonja mnofu."

"Nikikupa wewe, kesho wote mtaangusha." Hakuwa mtu mkali, alisema kwa upole kabisa. "Katupe, mama."

Apiyo alikiokota, akageuka kama anayekwenda kwenye pipa, akakisokomeza kifuani. Kilikuwa cha baridi, akaendelea kukata minofu nacho hapo hapo hadi zamu ikaisha.

Langoni alikuwepo Suzana, mlinzi wanayesali naye kanisa moja. Alimpapasa kiuno, mgongo, kisha mkono wake ukasimama kifuani.

"Mama Favour, nini hiki?" alinong'ona.

"Cha mtoto. Anadhani samaki ni mifupa mitupu."

Suzana alimtazama. "Hata wangu," alisema, na huenda angemwachia, ila Byabato alikuwa amesimama nyuma yao. Suzana akakichomoa. Kikaishia kwenye pipa, na Apiyo akaambiwa asionekane tena pale. Hapakuwa na barua ya kumfukuza, maana hata ya kumwajiri haikuwahi kuwepo.

Alifika Mabatini jua likizama. Favour alimkimbilia, akamkumbatia miguu.

"Mama, umeniletea nini?"

Apiyo alikaa kizingitini, akampakata. Kesho watakula nini hakujua, lakini hakutaka mtoto alale na ule ujinga waliopewa na wenye viwanda. Akamweleza: samaki wa ziwa hilo hapo chini ana ngozi inayong'aa, na ndani ya ngozi ana nyama, nyeupe, laini, toka shingoni hadi mkiani. Babu alikuwa anambeba begani hadi mkia unaburuta. Nyumba nzima inakula, inashiba, inabakiza.

"Inabakiza?" Favour alitoa macho.

"Inabakiza. Wanawapa na majirani."

Mtoto alivuta pumzi, akajilaza kifuani kwa mama yake vile anavyojilaza pale Mama Justa anapoanza kumsimulia hadithi.

"Halafu sungura akaja?" aliuliza.