Dakika Moja Pindoni

Jana usiku nililala na simu kifuani, nikaota. Lakini kwanza mjue: mwanangu Tunu alikuwa leba huko Sumbawanga, mimi niko Korogwe, na mkwe wangu Kasimu tulishakubaliana. Mtoto akitoka, yeye anabip, mimi napiga. Nilibakiza dakika saba za bando, nikazitunza kama mayai.

Ndotoni simu ikaamka kabla yangu, ikanitikisa bega.

"Mama Tunu, dakika zako zinachukuliwa."

"Na nani?"

"Na wenyewe. Muda wa bando umeisha."

Nachungulia dirishani. Kweli bwana! Dakika zangu saba, zimevaa sare, zinakwenda kwa mstari barabarani zimeshikana mikono. Ya mwisho inalia. Natoka mbio, miguu peku, kanga naifungia njiani. Na niseme ukweli, nilifurahi. Miaka yote naibiwa bila kumwona mwizi, leo namkamata!

Barabara ikapinda ikawa soko. Juu ya lango pameandikwa SOKO LIMEFUNGULIWA. Nikakumbuka ile siku redio ilipotangaza kwamba biashara ya simu sasa ni huria, kampuni zitakuwa nyingi na bei zitashuka. Mtaa mzima tulipiga vigelegele, na mimi nikiwemo. Sasa nimelikuta soko lenyewe, limefunguliwa mpaka mlango umeng'olewa.

Ndani wanauza dakika kwa mafungu, kama dagaa. Namuuliza muuzaji bei, ananiambia fungu elfu moja. Nafikicha macho. Fungu limepungua nusu.

"Wee! Mbona limepungua?"

"Umefikicha macho, mama. Tumeboresha huduma."

Sikuwa na muda wa kugombana naye, ingawa nilitamani sana. Dakika zangu zilikuwa zinaishia mwisho wa soko, chini ya bango kubwa: BANDO LISILO NA KIKOMO. Nyuma ya bango kuna ukuta, na mbele ya ukuta ameketi mzee aliyevaa tai, anazipokea moja moja na kuzitupa upande wa pili.

"Shikamoo. Wewe nani?"

"Marahaba. Mimi ni Kikomo."

"Bango linasema hakuna kikomo."

"Siku wanalipaka rangi nilikuwa likizo."

Akanifunulia mkataba. Herufi zake ndogo kama sisimizi, na nilipoinama kusoma zikakimbilia shimoni, zote.

"Nisome nini sasa?"

"Huhitaji kusoma. Ulishabonyeza moja, kukubali."

Jamani, hasira! Sita zilikuwa zimesharushwa. Imebaki ile inayolia, na mzee keshainyoshea mkono.

"Baba, binti yangu anajifungua. Niachie hii tu, nimsikie."

"Sina ruhusa."

Hapo mikono yangu ikafanya kazi yenyewe. Nikainyakua dakika, nikaitia kwenye pindo la kanga, nikapiga fundo. Mzee akasimama, akaona nilipoiweka, akageuza uso haraka. Pindo la mwanamke halifunguliwi na mtu. Hata marehemu mume wangu, miaka ishirini na mitatu, hakuwahi kuligusa.

"Umeiweka huko?" akauliza, anatazama ukuta.

"Huko huko."

"Basi mimi sijaona kitu. Na mimi nina mama."

Ukuta ukaanza kubip.

Nikashtuka usingizini, kumekucha. Simu imeandika: Ndugu mteja, bando lako limekwisha muda wake. Chini yake, Kasimu amebip mara tatu. Naangalia salio, dakika sifuri. Nikakaa kitandani machozi yananitoka, mjukuu wangu yuko duniani na mimi sina hata sauti ya kumkaribisha.

Nikashika kanga nijifute. Pindo lina fundo.

Nililala pindo likiwa tupu, nakuapieni. Nikalifungua kwa meno, kwa jinsi lilivyokaza. Ndani hamkuwa na kitu, ila simu ikalia kidogo, nikatazama tena salio: dakika moja.

Nikapiga hapo hapo.

"Mama," Tunu akasema, sauti imemkauka, "ni wa kike. Msikilize."

Akalia mjukuu wangu, akalia kwelikweli, na mimi sikusema neno nisije nikampotezea hata sekunde. Ilipobaki kidogo nikashindwa, nikapiga kigelegele. Simu ikakata katikati.

Nikatoka nacho uani, nikakimalizia huko, bure.