Lakiri Isiyoyeyuka

Siku ya soko la Bwera, Kaswera alikanda unga wa maandazi, akamimina mafuta kwenye karai, akapanga mkaa jikoni na kuwasha kiberiti. Njiti ikashika, akakohoa, ikazimika. Akawasha nyingine, nayo ikazimika. Edisa, jirani yake wa kibanda, akamletea kaa jekundu kwa koleo, na lilipomfikia likapoteza rangi, likawa jeusi na baridi. Kaswera akakohoa. Jiko la Edisa nalo likazimika, na birika la chai likanyamaza.

"Mukwetu, rafiki yangu, sogea kidogo," Edisa akamwambia. "Wateja yangu iko nangoja chai."

Kaswera akaenda kusimama ng'ambo ya soko, na Edisa akawasha tena jiko lake bila taabu. Ndivyo ilivyojulikana kwamba moto hauwezi kuwaka mahali ambapo kikohozi cha Kaswera kinasikika. Unga wake alimpa Edisa usije ukaharibika, na soko lililofuata akaja na ndizi mbivu na maparachichi, vitu visivyodai moto.

Mwaka huo ulikuwa 1968, na mumewe, Maate, alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Maate alifanya kazi Kasese, kwenye kiwanda cha mabomba ya saruji, akipasua magunia. Ndani ya magunia mlikuwa na asbesto, nyuzi nyeupe laini ambazo wafanyakazi waliziita pamba ya mawe, kwa sababu ni jiwe lakini linachambulika, na halishiki moto hata ulitie tanurini. Kila Jumamosi lori la kampuni liliwarudisha wanaume wa Bwera nyumbani, weupe kutoka nyusi mpaka viatu, kila mmoja na fungu la nguo za wiki magotini. Kaswera alizipeleka nguo za Maate mto Lhubiriha, akazikung'uta juu ya jiwe mpaka vumbi likatanda, ndipo akazifua. Mgongoni, miaka ya mwanzo ya kazi hiyo, alimbeba Mbambu, binti yake wa nne na wa mwisho. Kwao Butembo, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mwanamke aliyemwacha mumewe aende kazini na ovaroli chafu alisemwa vibaya, na Kaswera hakutaka kusemwa.

Maate alikufa kwa kifua. Kampuni ilileta jeneza, na ni lazima tuseme kwamba lilikuwa jeneza zuri.

Bwera ilimzoea Kaswera upesi, maana watu wana shughuli zao. Nyumba ya mtu ikishika moto waliitwa wenye ndoo, na wenye akili walimwita Mama Mbambu, akaja, akakohoa, watu wakarudi kulala. Kanisani padri alimwomba kwa heshima akae nje, upande wa pili wa barabara, ili mishumaa ya altare imalize misa. Alikaa huko, akaitikia sala zote kwa sauti, na hakumlaumu padri.

Lililomuudhi halikuwa moto. Lililomuudhi ni kwamba kifua kilikuwa kinamla kama kilivyomla Maate, na hakuna aliyekuwa tayari kutamka kilikotoka. Akapanda lori la wakulima wa pamba mpaka Kasese, akaingia ofisi ya kiwanda, akataka fidia. Wakamwambia fidia ni ya mfanyakazi. Akatoka hapo hapo, akavuka barabara kwenda mahakamani kuwashtaki.

Kesi ilisikilizwa mwaka uliofuata. Kampuni ilileta wakili kutoka Kampala, mtu wa viatu vinavyong'aa, na Zedekia, karani wa mahakama, akatafsiri.

"Anasema wewe hapana mfanyikazi," Zedekia akamwambia. "Tena anasema wewe nafua nguo Bwera, na kule Bwera hapana kiwanda. Vumbi ikishapita geti, hiyo hapana ya kampuni tena."

"Na mabomba ikipita geti, iko ya nani?" Kaswera akauliza.

Wakili akajibu kwamba mabomba ni mali ya kampuni mpaka mnunuzi atakapolipa.

"Basi ile vumbi njo ya kwenu. Miye sijailipa bado."

Watu waliokaa nyuma wakacheka, na hakimu akagonga meza. Kisha akaitwa daktari wa kampuni, ambaye hakuwahi kumpima Kaswera hata siku moja. Akaapa, akaeleza kwamba kifua cha namna hii hutokana na moshi wa kuni, ugonjwa wa kawaida wa wanawake wanaopika.

"Moshi ya wapi?" Kaswera akasema, na kikohozi kikamshika. Alipopata pumzi akaendelea. "Jiko yangu iko baridi mwaka muzima. Muwashe moto hapa, muniletee hiyo moshi, miye niione."

Hakimu alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Akamsukumia daktari kiberiti chake mwenyewe. Daktari akawasha njiti moja baada ya nyingine, huku jasho likimtoka, mpaka kisanduku kikaisha. Hakimu akaamuru iandikwe kwamba kiberiti kilikuwa na unyevu, akautia mdomoni mtemba wake usio na moto, na kesi ikaendelea.

Hukumu ilitoka siku ile ile. Madai yamekataliwa, kwa kuwa mdai si mfanyakazi na jiwe la kufulia si mahali pa kazi. Kaswera aliisikiliza amesimama. Aliona hasira ikimpanda kutoka magotini, hasira safi, na akashukuru kwamba bado ana nguvu ya kuibeba.

Kikabaki kitu kimoja. Katika mahakama ile hukumu haikuwa hukumu mpaka ipigwe mhuri juu ya lakiri, ile nta nyekundu inayoyeyushwa kwa mshumaa, na sheria ilitaka iyeyushwe mahakamani, mchana, milango ikiwa wazi. Zedekia akaagiza kiberiti kingine dukani. Akawasha mshumaa. Kaswera akakohoa. Zedekia akatazama utambi, akamtazama hakimu, na hakimu akatazama dari.

"Bwana karani," Kaswera akauliza, "kama haina lakiri, kesi yangu iko muzima?"

"Iko mzima, mama."

"Basi miye nabakia."

Akatandika kitenge chake kwenye baraza ya mahakama, akakaa.

Hakukaa kwa ajili yake tu. Kando ya Lhubiriha kulikuwa na wanawake wengine wenye mawe yao ya kufulia, na wengine walikuwa wameanza kukohoa. Hukumu ile ikishapigwa lakiri, ingesomwa kwa kila mmoja wao, nao wangerudishwa nyumbani. Isipopigwa, mlango ulikuwa wazi kidogo, na Kaswera aliweka mguu wake hapo.

Akapanga chumba karibu na mahakama, na kila siku ya kazi alikuja barazani na kapu lake la ndizi. Mahakama ikamzoea. Makarani wakaacha kuleta jiko la chai. Mbele ya mahakama, karibu na dirisha, alikuwapo Wahabu, mchoma mahindi, ambaye siku ya kwanza alipoteza mkaa wake wote. Siku ya pili alilibeba jiko lake dogo la bati, akajaribu hapa, akajaribu pale, mpaka akapata mahali chini ya mti wa mkwaju ambapo kikohozi hakifiki. Hakulalamika. Jioni alimpelekea Kaswera hindi moja lililobaki, naye akamrudishia ndizi.

Kampuni ilijaribu njia ya ustaarabu. Akaja bwana mmoja mnene, akamwita mama, akampa kazi ya kulinda ghala lao la mafuta ya petroli, kazi inayomfaa mtu wa kipaji chake, mradi aache baraza.

"Mutaniandika mufanyakazi tangu lini?" Kaswera akauliza.

"Tangu leo."

"Kifua yangu haikuanza leo," akamjibu, akamuuzia ndizi.

Miaka ilipobadilika na sare za jeshi zikawa nyingi mjini, kampuni ikajaribu njia nyingine. Afande mmoja akashuka kwenye Landrova, akachukua lakiri mezani kwa Zedekia, akatoa kiberiti chake cha petroli.

"Waka!" akakiamuru.

Hakikuwaka. Afande hakuzoea kukataliwa.

"Wewe mama! Simama! Panda gari, mbio!"

Wakamchukua mpaka kambini. Asubuhi hiyo mahakama ilikuwa na moto wa kutosha, na hukumu ingefungwa kabla ya saa sita, ila Zedekia hakuuona ufunguo wa saraka yenye mhuri. Aliutafuta chini ya meza, akautafuta kwenye rafu, akautafuta chooni. Huko kambini maharage ya askari yalikaa mabichi sufuriani, kwa kuwa majiko yote yalikuwa yamezimika, na mchana Landrova ikamrudisha Kaswera barazani, ikiendeshwa kwa kasi na watu wenye njaa. Alipokwisha kukaa, Zedekia akaupata ufunguo mfukoni mwake.

"Uzee," akasema, na hapo hakuwa na miaka arobaini.

Hakimu yule akahamishwa, akaja mwingine, naye akahamishwa. Hukumu ilibaki kwenye saraka, karatasi tupu yenye maneno tu. Kaswera alikonda. Hatua za kutoka chumbani mpaka barazani zikawa safari, na Mbambu, aliyekuwa sasa msichana mkubwa, mwenye mwili wa kulima na ulimi wa mama yake, akaja kutoka Bwera kumshika mkono. Kaswera alikufa Jumapili, siku ambayo mahakama imefungwa, na waliomjua walisema asingekubali kufa siku nyingine.

Walimzika Bwera, karibu na Maate, bila jeneza la kampuni. Wakati wa matanga moto uliwaka uani kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, ukawaka vizuri, na Mbambu akakaa mbali nao, akauchukia. Huko Kasese, Wahabu alisubiri siku chache kwa adabu, kisha akalirudisha jiko lake mahali pa zamani, mbele ya mahakama.

Zedekia pia alisubiri. Lakini kampuni iliandika, hakimu mpya akauliza, na Jumamosi moja asubuhi mwaka 1977 milango ikafunguliwa, wakili akaja na viatu vyake, na Mbambu akaitwa kusimama mahali pa mama yake. Alikuja na kitambaa cheusi kichwani.

Zedekia akawasha njiti. Ikashika. Akaupelekea utambi, nao ukashika, moto wa manjano, umetulia. Ncha ya lakiri ikalainika. Tone moja jekundu likadondoka chini ya maneno ya hukumu, na wakili akaanza kufunga mkoba wake.

Mbambu alitazama lile tone, akamkumbuka mama yake mzima mzima, na koo likamwasha. Alidhani ni kilio. Akakohoa.

Mshumaa ukazimika.

Nje, chini kidogo ya dirisha, Wahabu alisikika akimwomba mteja radhi. Zedekia akawasha njiti nyingine, Mbambu akakohoa tena, kifupi, kutoka chini kabisa ya kifua, na njiti ikafa mkononi mwa karani.

"Hata wewe, mama?" Zedekia akauliza taratibu, akimwita kwa jina la heshima la mtu mzima.

Mbambu alikuwa hajui. Alijua pale pale, mbele yao wote, akaogopa sana, akajishika ukingo wa meza. Kisha hofu ikageuka ikawa hasira, kile kingine alichorithi.

"Mama alikuwa ananibeba mu mugongo akikung'uta," akasema. "Ule muzigo wa vumbi, tulibeba wawili. Sasa muandike. Siyo jina ya mama. Yangu."

Wakili akaanza kusema kwamba mtoto mchanga hakuwa mfanyakazi, na kwamba mgongo wa mama si mahali pa kazi. Hakimu akamwambia aiwasilishe hoja hiyo kwa maandishi. Zedekia akarudisha lakiri kwenye saraka, akachovya kalamu, akaandika jina la Mbambu juu ya karatasi mpya ya madai.

Mbambu akatoka, akatandika kitenge barazani. Lori la kampuni lilipita likielekea Bwera, limejaa wanaume weupe, kila mmoja na fungu lake la nguo magotini. Mmoja alimpungia mkono, naye akampungia, akakohoa.

Wahabu akatazama mkaa wake uliozimika. Akayakusanya mahindi yake, akalibeba jiko la bati, na bila kuuliza akalirudisha kule chini ya mkwaju.