Gobori la Reuben Thrower

Bi Winifred Thrower aliiweka bunduki mezani, akaketi bila kukaribishwa. Miaka sabini na miwili alikuwa akipita mbele ya ofisi hii ya mnada bila kugeuza shingo, maana mwenye ofisi alikuwa Pallant.

Zamani za babu wa babu zao, Pallant mmoja, mlinzi wa msitu wa bwana mkubwa, aliuawa kwa marisau, zile chembe ndogo za risasi. Reuben Thrower, babu yake Bi Winifred, alikamatwa kitandani kabla nusu saa haijaisha, akanyongwa mjini Norwich huku akiapa kwamba hakufyatua kitu. Bunduki yake haikuonekana. Ilionekana mwezi uliopita, fundi alipobomoa tanuri la mkate la Bi Winifred: ilikuwa nyuma ya matofali yaliyolegea, imeviringishwa kitambaa chenye mafuta ya bata.

"Ningempata mjuzi mwingine, nisingekuja," alisema.

"Najua." Pallant alivaa miwani, akaigeuza bunduki taratibu. "Gobori la fataki, mitutu miwili. Fundi wa hapa hapa Norfolk, kazi ya kawaida. Kitako kina ufa. Likiwa hivi tu, pauni arobaini. Likiwa ndilo lililomuua mlinzi, kuna bwana London anakusanya vitu vya wauaji. Huyo atatoa mia nne."

"Mia nne kwa damu ya babu yako. Nyie hamna haya."

"Damu ni yetu, Bi Thrower. Tukitaka kuiuza tutaiuza."

Akautumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, akaushika kwa kidole pale ulipoishia. Akaupima kwa nje ya mtutu. Ndani ulikoma upana wa vidole vinne kabla ya mwisho wa mtutu. Akajaribu mtutu wa pili, nao vilevile. Dharau ikamtoka usoni.

"Umeliweka wapi mwezi mzima?"

"Chini ya kitanda."

"Limeshindiliwa, lina baruti na risasi. Mitutu yote miwili. Toka nje, mama."

"Sitoki." Alijua Pallant akibaki peke yake na bunduki hii, atasema apendavyo.

Fataki, vile vifuniko vidogo vya kuwashia baruti, hazikuwapo. Pallant alimimina maji kwenye matundu zinapokaa, akangoja, kisha akaingiza parafujo la kuzibulia. Baruti kongwe haiaminiki hata ikilowa. Alizungusha kidogo, akapumzika, akazungusha tena, uso ameukwepesha pembeni. Bi Winifred aliomba kimoyomoyo, asijue anamwombea Thrower au Pallant. Makaratasi ya kuzibia yalitoka kwanza, kisha marisau yakamwagika mezani, mwisho tope jeusi la baruti. Mtutu wa pili ukachukua muda mrefu zaidi.

Pallant alifuta ndani, akamulika kwa tochi, akachungulia. Akachungulia tena. Bi Winifred akakasirika.

"Sema, hata kama ni baya."

"Ni safi," alisema polepole. "Inang'aa mpaka chini. Ukifyatua gobori usilioshe, masizi ya baruti yanakula chuma wiki hiyo hiyo. Kuliosha kunataka birika la maji ya moto na saa nzima. Reuben walimkuta kitandani ndani ya nusu saa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usiku ule hili halikufyatuliwa." Alivua miwani. "Kwetu tulifundishwa kutema mate tukipita mlangoni kwenu. Mimi nimetema, Bi Thrower. Nikiwa mtu mzima."

Bi Winifred alilia waziwazi, mikono mapajani. Pallant aliivuta karatasi ya maelezo ya mnada.

"Nikinyamaza, mia nne ni zako. Nikiandika niliyoyaona, arobaini."

"Andika. Na jina lake uliandike lote."

Aliandika, akatia sahihi, akamkabidhi. Bi Winifred akaikunja karatasi, akasema gobori haliuzi tena. Akaanza kuliviringisha kwenye shuka alilokuja nalo.

"Liache wazi," Pallant alisema, akalinyanyua yeye mwenyewe. "Nitakusindikiza mpaka kituo cha basi."

"Leo siku ya soko. Watu wote watakuona."

"Najua," alisema, akamfungulia mlango.