Marehemu wa Mwaka Sabini na Nne

Bethwel alifariki mwezi wa Machi. Kufikia Juni, dada yake Cheptoo alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mbele ya kompyuta yake, akifanya kazi ambayo hakuiomba.

Kazi yenyewe ilikuwa mti wa ukoo. Kwa miaka kumi na mmoja Bethwel alikuwa akiujenga kwenye mtandao, jina baada ya jina, tangu wazee waliohamia Kimulot hadi watoto waliozaliwa juzi Marekani. Watu elfu moja mia moja na themanini. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake, na chini ya kila ukurasa kulikuwa na orodha ya vyanzo, yaani maelezo ya mahali jina au tarehe ilikotoka. Nicholas, kitinda mimba wao, alitaka mti huo uchapishwe kitabu kabla ya mkutano wa ukoo wa Desemba. Alipeleka nakala kwa mchapishaji mjini Kericho, ikarudishwa. Mchapishaji alisema vyanzo vimekuwa virefu kuliko watu, na nusu yake haieleweki.

"Dada, wewe ulikuwa sekretari wa shule miaka thelathini," Nicholas alimwambia. "Hii kwako ni kazi ya wiki mbili."

Sasa ilikuwa wiki ya saba.

Kila asubuhi, akishakamua na kupeleka maziwa barabarani, Cheptoo alinawa mikono, akavaa miwani, akaketi. Bethwel alikuwa mkusanyaji, hakuwa mpangaji. Kadi moja ya ubatizo alikuwa ameiingiza mara nne kwa majina manne. Mahali pengine aliandika tu "nimeambiwa," bila kusema na nani. Cheptoo aliunganisha zilizofanana, akafuta marudio, akaandika upya kwa mpango mmoja: nani alisema, lini, na karatasi iko wapi. Kisha mtu anayefuata. Kufikia saa tano shingo ilikuwa imekauka na macho yanatoa machozi yenyewe. Siku nzuri alimaliza watu kumi na wawili. Siku ya mvua mtandao ulipotea akamaliza watatu. Mara nyingine alimkasirikia ndugu yake kwa uzembe huo, halafu akakumbuka kwamba amekufa, na hilo nalo likamchosha.

Ukurasa wa Jonah aliufikia siku ya Alhamisi.

Jonah alikuwa baba yao mdogo, mziwanda wa nyumba ya nyanya. Ukurasa ulisema alizaliwa 1942, akafariki 1974, hakuoa, hakuacha mtoto. Vyanzo vitano. Wachache katika mti mzima walikuwa na vyanzo vitano, na Cheptoo alishusha pumzi. Huyu angekuwa rahisi.

Alifungua cha kwanza. Kilikuwa mti wa binamu mmoja wa mbali, huko Bomet, na binamu huyo alikuwa ameichukua tarehe kutoka kwa Bethwel. Cha pili kilikuwa mti mwingine, ulionakili ule wa kwanza. Cha tatu vilevile, na mwenyewe hakuwa ameufungua tangu mwaka 2016. Cha nne kilikuwa maneno ya Nicholas kwenye ukurasa wa familia wa Facebook, na Nicholas hakuwa na habari yoyote isipokuwa ile aliyopewa na Bethwel. Kwa hiyo Bethwel aliandika jambo, watu wanne wakalirudia, naye akawaita wote wanne kuwa mashahidi wake.

Kilibaki cha tano. Kilikuwa picha ya programu ya mazishi ya nyanya yao, Taprandich, ya mwaka 1987. Katika wasifu, kwenye orodha ya watoto, mstari wa mwisho ulisema: "Marehemu Jonah (1974)."

Cheptoo aliikuza picha. Herufi h ilikuwa imepanda juu ya mstari kila mahali ilipotokea. Aliijua h hiyo. Ilikuwa ya taipureta ya shule alikoanza kazi, mashine ambayo fundi alikuwa akiahidi kuitengeneza hadi akastaafu. Programu hiyo aliichapa yeye.

Alivua miwani, akaiweka juu ya meza.

Baba yake, Mzee Kipchoge, ambaye naye alishafariki, alikuwa amesimama nyuma yake ofisini siku hiyo, akimsomea majina ya watoto wa nyanya. Alipofika mwisho aliikunja karatasi yake.

"Andika Marehemu Jonah."

"Alikufa lini, Baba?"

"Sabini na nne."

Mwaka wa sabini na nne Cheptoo alikuwa na miaka kumi. Hakukumbuka mazishi. Alikumbuka baba akirudi kutoka shamba kubwa la chai alikofanya kazi Jonah, akaketi nje bila kula. Alikumbuka nyanya akilia siku mbili, na baada ya hapo jina la Jonah halikutajwa tena pale nyumbani. Mtoto wa miaka kumi huambiwa lolote akaamini. Lakini pale kwenye taipureta alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, na alijua hajawahi kuonyeshwa kaburi. Alitazama uso wa baba yake. Kisha akaandika.

Kulikuwa na sehemu moja ya mti ambayo tangu Juni alikuwa akiikwepa, nayo ni sanduku la barua la Bethwel mtandaoni, kwa kuwa hakutaka kusoma sauti yake. Sasa alilifungua na kutafuta jina la Jonah. Zilitokea barua tatu, zote za mtu mmoja, Phelix, wa Chepseon.

Ya kwanza ilikuwa ya 2019. "Habari zenu. Jonah ni baba yangu mzazi. Hakufa 1974. Alifariki 1998. Naomba mrekebishe." Bethwel alimjibu kwa adabu kwamba mti unahitaji ushahidi. Ya pili ilikuwa ya 2021. Phelix alisema vyeti viko nyumbani na mtu yeyote anakaribishwa kuja kuviona. Bethwel alijibu: "Nadhani majina yamefanana tu. Sisi tuna vyanzo vitano."

Ya tatu ilikuja mwaka uliopita. Ilikuwa na neno moja. "Sawa."

Cheptoo alimwandikia Phelix mchana huohuo. Alingoja siku mbili, halafu simu ikaja. Sauti ya Phelix ilikuwa ya mtu asiyetarajia kitu. "Mama yangu ndiye anajua hayo mambo," alisema. "Ukitaka, njoo umuulize."

Alikwenda Jumatano iliyofuata. Mgongo ulikuwa unamuuma kabla hata hajaondoka. Phelix alimpokea kituoni Chepseon. Alikuwa na umri wa miaka karibu hamsini, na alipogeuka kumwonyesha njia Cheptoo aliona mabega ya baba yake mwenyewe, yaliyoinama kidogo upande wa kushoto. Walipita nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga, wakafika kwenye nyumba ya mabati yenye ua safi.

Mama yake Phelix, Akello, alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa na miaka sabini. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, kama vya wote waliochuma majani chai maisha yao yote.

"Wewe ni wa Kipchoge," alisema. "Hayo macho ni yake."

"Ndiyo, Mama. Ninaitwa Cheptoo."

"Kaa."

Phelix alileta chai, kisha bahasha ya plastiki. Ndani mlikuwa na kadi ya kazi ya Jonah, cheti cha ndoa ya kanisa cha 1975, na cheti cha kifo cha 1998. Cheptoo alivaa miwani akavisoma kimoja kimoja. Aliandika namba, tarehe na ofisi iliyotoa, akavipiga picha pande zote mbili. Kazi hiyo aliijua, na kwa muda mfupi moyo wake ulitulia.

"Kitu kimoja sijawahi kuelewa," Phelix alisema. "Kwa nini walisema amekufa?"

"Ni sababu yangu," Akello alijibu, akiendelea kuchambua. "Kipchoge alikuja pale kwa laini ya wafanyakazi, mahali tulikuwa tunakaa. Akamwambia Jonah, chagua, huyu Mjaluo ama nyumbani. Jonah akasema ameshachagua. Kipchoge akasema, basi sisi tumezika. Hakupiga kelele. Alisema tu hivyo akaenda. Jumatatu tukahama tukakuja huku."

"Na nyanya?" Cheptoo aliuliza. "Alijua mko wapi?"

"Alijua. Alituma sukari mara moja, na shuka ya mtoto." Alitupa kijiwe pembeni. "Alipokufa tulisikia kwa redio, kwa matangazo ya vifo. Jonah akaenda peke yake. Alisema mimi nikienda nitaleta maneno. Alisimama nyuma na watu wa kijiji, na mtu akampatia hiyo karatasi ya programu. Akasoma."

"Akafanya nini?"

"Angefanya nini? Alirudi. Hakungoja hata chakula. Aliingia akaniambia, 'Akello, wameniandika.' Hiyo tu. Karatasi akaitia kwa moto wa jiko."

Cheptoo alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, hiyo karatasi niliichapa mimi."

Akello aliacha maharagwe.

"Baba yako alikuambia," alisema.

"Alinisomea. Lakini sikuamini. Sikuwa nimeona kaburi. Nikaandika tu."

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Mimi nikiwa na hiyo miaka nilikuwa na watoto wawili," Akello alisema. "Basi ulikuwa mtu mzima."

"Ndiyo, Mama."

Phelix alikuwa akitazama chini. Huko kwenye posho mill injini ilinguruma, ikazimika.

"Sasa umekuja unataka nini? Nikusamehe?"

Cheptoo alifikiri. Alikuwa amechoka mno kutafuta jibu zuri. "Nilikuja kuona vyeti," alisema. "Na kukuambia ni nani aliandika. Hayo mengine ni yako."

"Hayo mengine sijui," Akello alisema, akaurudisha ungo mapajani. "Vyeti umeona. Kunywa chai, inapoa."

Jioni alipofika nyumbani alimpigia Nicholas na kumweleza yote.

"Dada, weka hiyo tarehe mpya na uwaweke hao watoto," Nicholas alisema. "Hakuna mtu anakataa. Lakini hiyo hadithi ya baba usiiandike. Kitabu ni cha kufurahisha watu."

"Nikiweka tarehe lazima niseme ya zamani ilitoka wapi. Watu wote wanaijua ile ya zamani."

"Sema kulikuwa na kosa la kuchapa."

"Mchapaji nilikuwa mimi, Nicholas. Nilichapa vizuri."

"Utaharibu jina la baba kwa sababu ya mstari mmoja?"

"Sitaongeza neno ambalo hakusema," Cheptoo alijibu. "Na jina langu nitaliweka kando ya lake. Kama hutaki, tafuta mtu mwingine amalizie. Mimi niko tayari kulala."

Nicholas hakutafuta mtu mwingine. Hakuna ambaye angekubali.

Asubuhi iliyofuata Cheptoo alifuta vyanzo vinne vya kwanza kwenye ukurasa wa Jonah. Cha tano hakukifuta. Kando yake aliandika: "Programu ya mazishi ya Taprandich, 1987. Ilichapwa na Cheptoo kwa maneno ya baba yake, Kipchoge. Jonah alikuwa hai. Mchapaji hakuwa na sababu ya kuamini kwamba amekufa, wala hakuuliza zaidi." Alisoma mara mbili, akatoa koma moja, akahifadhi. Kisha akaingiza vyeti vitatu, akamwingiza Akello, akamwingiza Phelix na ndugu zake, na wajukuu tisa ambao Phelix alimtumia majina yao kwa simu, kila mmoja na kadi yake ya ubatizo. Ilimchukua siku nne.

Aliwaandikia pia wale watatu wenye miti mingine. Binamu wa Bomet alibadilisha siku hiyohiyo, bila maswali. Wa pili alitaka kuona vyeti, akatumiwa, akabadilisha baada ya mwezi. Wa tatu hakujibu. Katika mti wake Jonah bado alikufa 1974, hakuoa, hakuacha mtoto, na hakukuwa na namna ya kumfikia. Cheptoo alijaribu mara tatu, kisha akaendelea na majina mengine. Alikuwa amebakiza watu mia nne.

Kitabu kilitoka wiki moja kabla ya mkutano, na maelezo yake chini ya jina la Jonah yalikuwamo kama alivyoyaandika. Wazee wawili walimpigia Nicholas kulalamika. Shangazi Chepkemoi, aliyekuwa dada pekee wa Jonah aliyebaki hai, hakupiga simu kwa mtu yeyote.

Akello hakuja kwenye mkutano wa Desemba, uliofanyika nyumbani Kimulot. Alimtuma Phelix aseme ni magoti, na labda yalikuwa magoti. Phelix alikuja na mkewe na mabinti wawili wakubwa, wamevaa vizuri kupita kiasi, wakasimama karibu na lango kama watu wanaongoja kuulizwa wametoka wapi. Cheptoo aliwaona akiwa dirishani na akaanza kutafuta viatu vyake. Kabla hajakipata cha pili, Shangazi Chepkemoi alikuwa amefika langoni na mkongojo wake. Alimtazama Phelix kwa muda, kwanza uso, kisha yale mabega. Hakumpa mkono. Aliwageukia wale mabinti.

"Nyinyi mnasimama tu na viazi havijamenywa?" aliwaambia. "Jikoni ni huko nyuma. Mwambieni Mama Kiprono awape visu."

Mabinti walimtazama baba yao. Phelix aliwaitikia kwa kichwa, nao wakaenda. Yeye mwenyewe alipewa viti vya kubeba.

Cheptoo alirudi chumbani na kuketi kitandani. Nje watu walikuwa wakiitana kwa majina ambayo sasa aliyajua yote, na miaka yao, na kadi zao. Alijilaza ili apumzike dakika tano tu, akiwa bado amevaa kiatu kimoja. Walikuja kumwita kwa chakula wakamkuta amelala fofofo, wakafunga mlango.