Kilo Sita Zinatosha

Mara mbili mpima maji alikuwa ameshafeli mtihani wa kupiga mbizi, na kampuni ya maji haikuwa na nafasi ya nne. Leo akishindwa kuelea dakika moja ndani ya bwawa la mazoezi, bila kugusa sakafu wala kuibuka, angerudi maabara kupima matope ya wenzake hadi astaafu. Matope hayo aliyajua. Kila wapiga mbizi wa kampuni walipoingia kukagua tangi kubwa walilivuruga tope la chini kama ng'ombe wanaovuka mto, na kesho yake mabomba ya mji mzima yalitoa maji ya rangi ya chai. Miaka kumi na mmoja aliandika ripoti. Hakuna aliyezisoma, naye alikuwa amechoka kuandika.

Mkufunzi alimwandalia mkanda wenye vipande kumi vya madini ya risasi vya kumzamisha, kila kimoja kilo moja.

"Kwa mwili huo, Mama, bila uzito utaelea kama boya," alisema, akacheka peke yake.

Huo ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Katika majaribio yote mawili kilo kumi zilimvuta chini, akaijaza hewa fulana ya kuelea. Hewa ikazidi, akafyatuka juu. Akaitoa, akazama tena. Panda shuka, vijana aliofunzwa nao wakishika mbavu kwa kicheko. Basi Jumapili nzima alikaa na daftari akapiga hesabu zake.

Sasa akachomoa vipande vinne, akavipanga miguuni pa mkufunzi.

"Unafanya nini?"

"Navua mzigo usio wangu. Sita zinatosha."

"Mtungi wa hewa ukikaribia kuisha unakuwa mwepesi. Utaibuka."

"Hata huo nimeupigia hesabu, Mwalimu."

"Nikikufelisha usije kulia."

"Machozi nimeyaacha nyumbani. Shika saa."

Mkufunzi akambadilishia mtungi, akampa uliobakiwa na robo ya hewa. Mpima maji akatazama geji, akaelewa, akaufunga mgongoni. Liwalo na liwe.

Alishuka polepole, mkufunzi akishuka kando yake na kibao cha kuandikia. Kidole kikakimbilia kitufe cha hewa; akakirudisha, akakunja mikono kifuani. Akavuta pumzi ndefu. Mwili haukusikia, vigae vya sakafu vikazidi kusogea, na hofu ikamshika kwelikweli. Pumzi hujibu kwa kuchelewa, alijikumbusha. Shubiri moja kabla ya sakafu, akaacha kushuka. Alipoanza kupanda akatoa pumzi, akatulia.

Dakika ikaisha. Mkufunzi akainua dole gumba: panda. Mpima maji akatikisa kichwa, akakinyooshea kidole kile kibao. Dole likainuliwa tena. Hakutikisika. Dakika mbili, tatu, na mkufunzi mwenyewe amepiga magoti sakafuni, amelemewa na risasi zake. Mwishowe akaandika: AMEFAULU.

Ndipo mpima maji akapanda, kwa mwendo wake. Juu akatoa mpira wa kupumulia mdomoni.

"Alhamisi kwenye tangi naingia mimi kwanza," alisema. "Wewe ukija, Mwalimu, usipige magoti kwenye tope. Watu wanayanywa yale maji."